Ndoo ya Kaka na Tuzo ya Dada

Dada yangu analamba mawe. Niseme mapema, maana siku ya hafla watu walicheka wakidhani furaha imemzidi, na mimi niliyelala naye chumba kimoja utoto wangu wote nilijua kwamba pale anafanya kazi. Jiwe likilowa rangi yake hutoka, ndivyo anavyosema, na udongo wa mfinyanzi hunata ulimini wakati mchanga unakwaruza. Mama alikuwa akimtandika makofi kwa tabia hiyo. Baadaye serikali ikamlipa mshahara kwa tabia hiyo hiyo, mpaka akastaafu, na hafla ninayoisimulia ndiyo ya kumuaga.

Tuko watatu. Dada ndiye mkubwa wetu, mjiolojia, na kazini wanamwita Bi Miamba. Wa kati ni Kaka, fundi mwashi, mtu ambaye akifika kwa watu huutazama ukuta kwanza ndipo asalimie wenye nyumba. Wa mwisho ni mimi, fundi cherehani, na mpaka leo na mvi zangu wananiita Kitinda.

Gauni la hafla nililishona mimi. Kitambaa cha kijani, mikono ya robo tatu, na mifuko miwili mikubwa niliyoificha ubavuni, kwa sababu Dada hawezi kuvaa nguo isiyo na mahali pa kutia mawe. Nilihangaika na mifuko ile mpaka nikaitukana. Alipokuja kupima, alisimama mbele ya kioo pini zikiwa bado mabegani, akasema, "Kitinda, gauni zuri sana. Lakini zawadi ninayoitaka siku hiyo ni moja. Niletee Kaka."

Ili mtu aelewe uzito wa ombi hilo inabidi nirudi nyuma kidogo, na nitarudi kwa hasira, maana mambo haya bado yananiuma.

Nyumba tuliyozaliwa ilikuwa chini ya mlima, kule mji unakoishia, kwenye kiwanja alichotuachia Baba. Msimu mmoja wa mvua barabara ya juu yetu ilipasuka, na Dada akaja na mashine ya kuchoronga. Mashine hiyo inazama ardhini ikizunguka, kisha inarudi na mwamba uliokatwa mviringo, mrefu, mnene kama mkono wa mtu mzima. Wenyewe huziita sampuli, nao huzipanga kwenye masanduku ya mbao kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, kuanzia juu mpaka chini. Katikati ya mawe magumu yanayopendeza wakakuta tope. Tabaka jembamba, la kijivu, linaloteleza. Dada akasema mlima wote umekalia tope lile na siku moja utashuka nalo, kwa hiyo watu wa chini yake wahame. Wote, akiwemo Mama.

Mama alitolewa nyumbani kwake na askari wawili wakiongozwa na binti yake mwenyewe. Nyumba ikavunjwa, naye akahamia vyumba viwili vya kupanga upande wa pili wa mji, nyumba isiyo na baraza, akafia humo akiiulizia baraza yake. Na baraza ile alikuwa ameijenga Kaka, kazi yake ya kwanza ya ufundi, kabla hata hajaota ndevu. Tangu siku ya mazishi Kaka hakukanyaga tena kwa Dada. Kila msimu wa mvua ulipopita bila mlima kuanguka, alikuwa ananipigia simu. "Mlima uko palepale," ananiambia. "Kilichoteleza ni akili ya dada yako."

Alikuwa na sharti moja tu. "Anionyeshe hilo tope. Nilishike kwa mkono huu. Nikilishika nitafunga domo langu." Ila kwenda ofisini kwa Dada kulishika hakutaka, ndivyo watu wenye kinyongo walivyo. Na Dada alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ghala la sampuli nyuma ya ofisi, limefungwa nailoni lisikauke, na alikuwa akienda kulitazama kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Sasa mambo yalikuwa yanabana. Mji umepata wakubwa wapya, na ilisemekana katazo la kujenga chini ya mlima linaondolewa karibuni. Kaka alishaapa kwamba atakuwa wa kwanza kurudi kwenye kiwanja cha Baba. Na Kaka anakaa na wajukuu zake. Hapo ndipo roho ya Dada ilipokuwa imening'inia: hafla ikiisha, amshike Kaka mkono, wavuke ua mpaka ghalani, amshikishe tope, basi. Mengine yote, hotuba na makofi, alikuwa anayavumilia tu.

Nilimbembeleza Kaka wee, mpaka nikalia. Akakubali.

Alikuja na koti lake la harusini na viatu vyenye saruji kwenye kingo. Ukumbi wa idara ulikuwa umepambwa, viti vimevikwa vitambaa vyeupe, riboni kila mahali. Kaka aliketi, akainua macho kwenye kona, akaninong'oneza, "Plasta hii imepigwa na mlevi."

"Kaka, leo tuachie plasta."

"Nasema tu." Akanywa maji. Halafu, kwa kuwa hawezi kukaa bila kulalamika, akaanza habari ya ndoo. "Ndoo za siku hizi takataka kabisa. Hii ya tatu nanunua. Ikishuka kisimani inagonga, ikipanda inagonga, imechubuka upande mmoja wote."

"Labda kisima kimepinda," nikamwambia.

Alinigeukia kama nimemtukania wazazi. "Kisima kile nimekijenga mimi. Pete za zege nimezimwaga mimi, nimezipanga mimi moja juu ya nyingine, kwa timazi. Mwanzoni ndoo ilikuwa inakwenda mpaka kwenye maji haigusi popote. Ni ndoo hizi, mdogo wangu. Ni ndoo."

Nilicheka. Nilidhani anasema kisima cha mteja wake. Na kwa wasiojua mambo ya ujenzi, timazi ni ule uzi wenye kipande kizito cha chuma mwishoni ambao waashi huuning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Kaka anaiamini timazi kuliko anavyomwamini daktari.

Hotuba zikaanza. Mimi ni mtu wa kusinzia kwenye hotuba, lakini siku ile sikusinzia. Walisimama watu wa vijiji ambavyo Dada alivitafutia maji kwa kutembea porini na nyundo yake. Alisimama mwalimu mkuu mmoja akaeleza jinsi Dada alivyomzuia tajiri aliyetaka kupasua kokoto juu ya shule, na jinsi alivyokuja mwenyewe kukaa mbele ya baruti mpaka wakaondoka. Mambo haya nilikuwa siyajui hata nusu. Kwetu Dada alikuwa Dada, mtu wa kusahau chumvi kwenye mboga. Nilijikuta nalia, na nilipomtazama Kaka nikamwona ameinamisha kichwa, akichezea kijiko.

Ndipo akasimama mkurugenzi mpya. Kijana mtanashati, mtu wa utawala, mwenye maneno matamu. Ameletwa pale juzijuzi na sidhani kama nyundo ya mawe amewahi kuishika. Akamvisha Dada skafu ya heshima yenye nyuzi za dhahabu. Kisha akafunua kitambaa mezani.

Ilikuwa tuzo ya jiwe. Jiwe la mviringo, refu, limeng'arishwa mpaka linaakisi taa, limesimamishwa juu ya kibao chenye maandishi. Ukumbi mzima ukaguna kwa uzuri wake. Wakati huohuo wasichana wakapita mezani wakigawa zawadi kwa wageni, vishikio vya funguo, kila kimoja na kijiwe kinachong'aa. Changu kilikuwa na mistari myekundu. Nikakifurahia, nikakitia kwenye mkoba.

Dada alilipokea jiwe kwa mikono miwili. Akalipima uzito. Akaligeuza. Kisha akalilamba.

Watu wakaangua kicheko. Mshereheshaji akarukia kipaza sauti, "Bi Miamba anahakikisha kama si pipi!" Makofi, vigelegele. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama sura yake, na ile sura nilishaiona mara moja tu, siku tuliyomzika Mama.

"Hili mmelitoa wapi?" akauliza. Hakutumia kipaza sauti, lakini ukumbi ulinyamaza wenyewe.

"Kwenye ghala letu hapahapa, Mama!" Mkurugenzi alikuwa anang'aa kuliko tuzo. "Lile shimo la mlimani, kazi iliyokupa jina. Tulisema mtu kama wewe hapewi kitu cha dukani. Tukaleta fundi wa marumaru, akachagua yale mazuri mazuri, akayakata."

"Akayakata."

"Na kuyang'arisha, Mama. Yakatosha mpaka ya wageni."

"Na tope?"

"Lipi, Mama?"

"La kijivu. Lililokuwa kwenye nailoni."

"Aa, lile!" Alicheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayepokea shukrani. "Yale mabovu na matope tulitupa yote. Lori la taka lilishapita. Tulisema wageni wakipita ghalani wakaukuta uchafu ule, tutakuaibisha siku yako."

Dada aliketi chini. Hapakuwa na kiti pale. Aliketi sakafuni jukwaani, na gauni langu la kijani, tuzo mapajani, skafu shingoni. Nimeona mengi, nimezika wazazi wote wawili, lakini kushtuka kama nilivyoshtuka pale sijawahi. Watu wamekusanyika kumpa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo wameikatakata kazi yake, wakabaki na mapambo, wakatupa kile kitu kimoja kilichokuwa kinazuia watu wasife. Na walikuwa wamefanya kwa upendo. Hilo ndilo lililonichoma. Ningepata mtu mwenye roho mbaya pale ningemrarua, lakini nilimkuta kijana wa watu amesimama midomo wazi, hajui kosa lake ni lipi.

Nikapanda jukwaani kumwinua Dada. Akanishika mkono, akanong'ona, "Kitinda, sina cha kumwonyesha. Nitamwonyesha nini?"

Nyuma yetu kiti kikaanguka. Kaka alikuwa amesimama.

"Ahaa!" alisema, na sauti ya Kaka ni ya kuita vibarua ghorofa ya tatu. "Miaka yote hii nasubiri tope. Leo nimekuja kuliona, leo hii hii, limeondoka na lori la taka!"

"Kaka, keti," nikamwambia.

"Siketi! Hakuna tope. Halijawahi kuwepo. Mama alifia kwenye nyumba za watu kwa sababu ya tope la kusimuliwa." Nilidhani anafurahia, kumbe machozi yanamtoka. "Basi na nyinyi mjue. Sikungoja katazo liondolewe. Nimeshajenga kwenye kiwanja cha Baba. Tumeshahamia, tangu wiki iliyopita. Tunalala pale, mimi na mke wangu na wajukuu zangu."

Hapo ukumbi uliguna mara ya pili, na safari hii haikuwa kwa uzuri. Mimi mwenyewe nilipigwa butwaa. Nyumba nzima! Mtu ananipigia simu kila wiki kunilalamikia bei ya nondo, na kumbe anajenga nyumba nzima kwa kificho! Hasira ikanipanda mpaka macho yakaona giza. Nikashika kiuno palepale jukwaani, mbele ya wakubwa.

"Kwa hiyo hicho ndicho kisima chako cha ndoo inayogonga? Umetuficha nyumba, umetuficha na kisima kilichopinda?"

"Hakijapinda!" akanguruma.

Dada akainua kichwa. "Ndoo inagonga?"

Kaka akainama kuokota kiti chake.

"Kaka, nakuuliza. Ndoo inagonga?"

"Ndoo mbovu hizi," Kaka alisema. "Hazina adabu."

"Mwanzoni ilikuwa haigongi?"

"Si nimesema nimekijenga kwa timazi!"

"Ikaanza lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Inagonga karibu na mdomo wa kisima, au chini?"

"Chini. Kabla tu ya kufika kwenye maji." Sasa alikuwa anajibu taratibu, akimtazama kwa mashaka.

"Upande wa mlima, au upande unaotazama mji?"

"Wa mji."

Dada akasimama. Hakupanguza gauni, hakuaga mtu. Alishuka jukwaani na tuzo yake mkononi, akatembea katikati ya viti vyeupe mpaka mlangoni, na alipofika akageuka. "Mkurugenzi, lete gari. Kaka, njoo unionyeshe ndoo yako."

Mkurugenzi aliendesha mwenyewe, jasho likimchirizika. "Mama, nisamehe," alikuwa anasema kila tukikata kona. "Mama, mimi sikujua." Dada alikaa dirisha moja, jiwe mapajani. Kaka alikaa dirisha la pili na uso umemvimba, na mimi katikati yao, nikigusana nao bega kwa bega kama zamani tukienda kwa shangazi. Sikuwa nimekaa katikati yao hivyo tangu Mama alipokuwa hai. Nilitamani kufurahi, nikashindwa.

Tulipofika nilishtuka tena. Nilitegemea kibanda cha haraka haraka. Ilikuwa nyumba nzuri, kuta zimenyooka, haijapakwa rangi bado, na mbele yake baraza. Baraza ya Mama. Upana ule ule, ngazi zile zile mbili, na ile pembe ya kulia aliyoikata ili Mama apate mahali pa kuegemea mgongo. Alikuwa ameijenga upya bila kukosea hata tofali. Wajukuu wawili walikuwa wanacheza juu yake, na wifi yangu, mke wa Kaka, akaja mbio akifuta mikono, akitushangaa na nguo zetu za sherehe.

Dada aliitazama baraza muda mrefu. Kisha akaenda kisimani.

"Shusha ndoo," akamwambia Kaka.

Kaka akashusha. Tulisikiliza kamba ikilia kwenye gurudumu. Ikashuka kimya, ikashuka, halafu kutoka chini ikaja sauti ya plastiki kukwaruza zege. Kaka akakohoa kuifunika.

"Ndoo ina tumbo pana," alisema. "Lete timazi upime, utaona pete zangu zimesimama."

"Lete basi."

"Iko kazini kwa mtu."

Dada alilitazama jiwe mkononi mwake. Akaligonga kwenye ukingo wa kisima, mara moja, mara ya pili, na kile kibao chenye jina lake na sifa zake zote kikang'oka kikaanguka kwenye majani. Mkurugenzi alifumba macho. Dada akavua skafu ya heshima, akalifunga jiwe sawasawa, ncha ya chini ikabaki wazi, akampa Kaka.

"Timazi hii hapa. Pima mwenyewe. Mimi sigusi kamba."

Kaka alilipokea. Hapo alibadilika, akawa fundi. Aliipandisha ndoo, akaifungua, akafunga kamba kwenye skafu kwa fundo la kazini, akalivuta kulijaribu. Akaenda upande wa mji, akapiga magoti, akaliacha jiwe lining'inie karibu na ukuta, nafasi ya kidole tu. Likatulia. Akaanza kulishusha polepole, kichwa amekiingiza kisimani, na nafasi ile ya kidole ikabaki ile ile pete kwa pete, maana kazi yake ilikuwa nzuri kweli, hata mimi niliona.

Halafu jiwe likasimama. Kamba ikalegea mkononi mwake. Lilikuwa limekaa juu ya kitu.

Akalinyanyua, akalishusha. Likakaa tena palepale, ko.

Alizunguka upande wa mlima, akapiga magoti, akaanza upya. Safari hii jiwe lilipofika pale halikusimama. Liliendelea kushuka, lakini ukuta haukuwepo tena karibu yake. Pete za chini zilikuwa zimerudi nyuma, zimeingia upande wa mlima kwa upana wa kiganja. Au tuseme pete za juu, na kisima, na baraza, na nyumba, na ardhi tuliyosimama na viatu vyetu vya sherehe, vyote vilikuwa vimesogea kuelekea mjini kwa upana wa kiganja. Dada hakulisema hilo. Nililielewa mwenyewe, nikamshika wifi yangu mkono nikambana mpaka akalia.

Kaka alirudia upande wa kwanza. Akarudia wa pili.

"Kuna mawili tu," Dada akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Ama ulikijenga kimepinda, ama kimepindishwa. Mimi sikuwepo. Wewe ndiye fundi, wewe useme."

Nilimwonea huruma. Najua Kaka angeweza kusema mkono wake uliteleza siku ile, akabaki na nyumba yake na baraza yake na ubishi wake wote. Nilimwona akilitafuta neno hilo mdomoni. Hakulipata.

"Mimi," alisema, "sijawahi kujenga kitu kilichopinda."

Akasikia alichosema. Akakaa chini kwenye majani, koti la harusini na yote, akawa anaivuta kamba kidogo kidogo akiwa amekaa, mpaka jiwe likatoka.

Ncha yake haikuwa inang'aa tena. Pale lilipokalia, kwenye ufa kati ya pete na pete, lilikuwa limerudi na donge la tope. La kijivu. Limelowa, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Kaka akaliangalia. Akaligusa kwa kidole gumba, akalisugua na kidole cha pili, na vidole vikateleza. Akamtazama Dada. Kisha mtu yule aliyemcheka maisha yake yote akakipeleka kidole ulimini.

"Linanata," alisema.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa analala juu ya hiki?"

"Juu ya hicho hicho," Dada akasema.

Kaka alifunika uso kwa mkono wenye tope. Hatukumsogelea. Mkurugenzi alikuwa amegeukia barabarani, anapiga simu huku analia, akiita magari, akitaja mitaa yote iliyo chini ya mlima. Baadaye Kaka akasimama, akajifuta, akamwita mke wake.

"Watoe watoto. Magodoro acha, kila kitu acha. Watoto tu."

Mjukuu mdogo alishuka ngazi za baraza na kiatu kimoja, akauliza, "Babu, tutalala wapi?"

"Kwa bibi yenu," Kaka akasema, na kwa kidevu akamwonyesha Dada.

Dada aliinama, akalifungua jiwe, akalikabidhi kwa Kaka, kisha akalikusanya lile donge ndani ya skafu ya heshima, taratibu, asiache hata chembe. Akalitia mfukoni mwa gauni langu jipya, tope bichi, kitambaa cha kijani. Nililiona doa likitanuka ubavuni, nikasikia mshono ukiachia.